Nyangumi Aliyeitwa Joka

Katika Kiswahili neno "kubwa" hubeba maana mbili: mnyama huitwa mkubwa kwa kuwa ni mrefu, au kwa kuwa ni mzito. Mara nyingi maana hizo huandamana, wala msemaji hapati taabu. Zinapotumika kuwalinganisha nyangumi na joka huachana kabisa, na asiyezitenga aweza kuuziwa mnyama mmoja kwa jina la mwingine. Jambo hilo limekwisha kutokea.

Mwaka 1834 Richard Harlan, mtaalamu wa Marekani, alieleza pingili za uti wa mgongo zilizopatikana Louisiana. Kwa jinsi zilivyokuwa kubwa, alidhani ni za mtambaazi wa baharini, akamwita Basilosaurus, yaani "mfalme wa mijusi". Miaka mitano baadaye Richard Owen wa Uingereza aliyachunguza meno yake. Magego yalikuwa na mizizi miwili miwili, alama ya wanyama wanyonyeshao, si ya watambaazi. Kumbe alikuwa nyangumi wa kale! Owen alipendekeza jina jingine, Zeuglodon, lakini kanuni ya wataalamu humpa haki aliyetangulia. Hivyo nyangumi huyo angali akiitwa mjusi. Wanaisimu hawatashangaa: jina huonyesha kitu, halilazimiki kukieleza.

Kosa la Harlan lilikuwa la nia njema. Si hivyo kwa Albert Koch, ambaye mwaka 1845 aliunganisha mifupa ya wanyama kadhaa wa aina hiyo, iliyochimbuliwa Alabama, akapata kiunzi cha mita 35 hivi. Alikionyesha New York kuwa ni joka la bahari, na watu wakalipa kiingilio. Jeffries Wyman, mjuzi wa anatomia, aliifichua hila hiyo: meno yalikuwa ya mnyonyeshaji, na pingili hazikuwa za mnyama mmoja. Basilosaurus halisi hakupita mita 20 hivi.

Joka la kweli lilijulikana baadaye sana. Mwaka 2009 ilitangazwa Titanoboa, ambaye mifupa yake ilitoka katika machimbo ya makaa ya mawe ya Cerrejón, Kolombia. Aliishi yapata miaka milioni 60 iliyopita. Wagunduzi walimkadiria kuwa na mita 13 hivi na kilo 1,135. Nyangumi buluu hufikia mita 30: kwa urefu hamzidi hata mara tatu. Kwa uzito, mwenye tani 150 humzidi zaidi ya mara mia.

Sababu ni joto na maji. Nyoka hupata joto lake kutoka nje. Titanoboa alikua hivyo kwa kuwa nchi yake, kwa kadirio la wagunduzi hao, ilikuwa na wastani wa nyuzi 30 hadi 34. Nyangumi hujitengenezea joto, akalihifadhi kwa tabaka nene la mafuta, na bahari humbebea uzito ambao ufukoni humwelemea.

Mwendo nao huwatenga. Chatu, anayefahamika vema nchini Kongo, huogelea kwa kujipinda kushoto na kulia. Nyangumi, ambaye mababu zake walitembea nchi kavu kwa miguu minne, hupinda mgongo juu na chini. Michoro mingi ya joka la bahari huonyesha mgongo unaopanda na kushuka juu ya mawimbi. Mwendo huo ni wa nyangumi.