Kwa nini gari lililoinuliwa hukwama matopeni Nyalenda

MVUA ya masika inaponyesha mjini Kisumu, vichochoro vya mtaa wa Nyalenda huwa mtihani hata kwa magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne.

Mtaa huo umekaa bondeni, kati ya mji na matete ya Dunga kandokando ya Ziwa Victoria, na mto Auji hupita humo humo. Udongo wake ni ule mweusi wa mfinyanzi uliotanda hadi tambarare za Kano. Ukilowa huvimba na kunata. Ukikauka hupasuka nyufa za kumeza mguu.

Magari hupita yakachimba mifereji miwili, jua likaikausha hadi ikawa migumu kama matofali. Mvua ikirudi, gurudumu moja huzama shimoni huku jingine likipanda tutani. Hapo ndipo mwenye pikapu aliyelipia foo-wili hushangaa kuona magurudumu mawili, la mbele upande mmoja na la nyuma upande wa pili, yakizunguka hewani, ilhali mengine mawili yaliyokanyaga ardhi yametulia tuli.

Si jambo la mzaha. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda na kuvamia makazi ya ufukweni, Dunga ikiwemo, gari linaloweza kupita lilikuwa ndilo njia ya kuhamisha watoto, wagonjwa na magodoro.

Kiini cha tatizo kimo kwenye difu. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili ya ekseli moja. Gurudumu lililo hewani halihitaji nguvu nyingi kuzunguka, na mwenzake hupata kiasi hicho hicho kidogo, kisichotosha kulisogeza gari. Dawa moja ni kufunga difu yenye kufuli, nayo ina gharama. Nyingine ni kuhakikisha hakuna gurudumu linaloachana na ardhi, na hiyo ndiyo kazi ya springi zinazonyumbuka.

Ajabu ni kwamba wenye magari wengi hufanya kinyume. Likikwama mara mbili, hulipeleka gereji na kuagiza majani ya springi yaongezwe ili liinuke. Kuinuka huinuka, na tumbo halikwaruzi tena. Lakini springi ya majani matano ikiongezwa mawili yanayolingana na yale ya awali, ugumu wake hupanda kwa asilimia 40. Unene una athari kubwa zaidi: jani lenye unene maradufu huwa gumu mara nane. Ndiyo maana majani mengi, membamba na marefu, hunyumbuka kuliko machache mazito.

Springi iliyoongezwa ugumu ili ihimili tani ya saruji haitikisiki gari likiwa tupu. Gurudumu likikuta shimo halishuki. Gari zima huinama, na lile la upande wa pili hunyanyuka. Anayebeba mawe kila siku hana budi kuvumilia hali hiyo. Anayebeba abiria wanne na magunia mawili anajitesa bure.

Watengenezaji wenyewe waliligundua hilo zamani. Land Rover ya mwaka 1948 ilikuwa na springi za majani pembe zote nne. Range Rover ilipotoka mwaka 1970 ilikuwa na koili ndefu, na Land Rover za kazi zikafuata mkondo huo kuanzia 1983. Toyota iliweka koili mbele ya pikapu yake ya Land Cruiser mwaka 1999, lakini nyuma ikabakiza majani kwa sababu ya mizigo.

Hapa Kenya, mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia ua wa kulinda misitu ya Aberdare, huwatuza wanaofika vituoni kwa kupita umbali mfupi zaidi, wala si wenye kasi. Kwa hiyo magari hayo hutengenezwa ili yapande mawe na kuvuka makorongo.

Mkazi wa Nyalenda hahitaji gari la aina hiyo. Kazi ya kwanza ni ya mikono na mafuta: springi ifunguliwe, majani yapigwe brashi ya waya, kutu na tope lililoganda katikati litolewe, kisha yapakwe grisi. Bushi zilizokwisha zibadilishwe, na vile vyuma vinavyoning'iniza ncha ya springi vichezeshwe hadi visogee bila kukwama. Mara nyingi unyumbufu uliodhaniwa kupotea ulikuwa umefungwa na kutu tu.

Halafu shoki. Shoki fupi humzuia ekseli kushuka hata kama springi bado ina nafasi, na iliyo ndefu kupita kiasi hugonga mwisho wake na kuvunjika. Urefu wake upimwe ekseli ikiwa imening'inia, na tena ikiwa imebanwa juu kabisa. Wakati huo huo fundi atazame mipira ya breki. Ekseli ikishuka zaidi ya zamani, mpira mfupi unaweza kukatika, na hakuna tope linalostahili kulipiwa kwa breki.

Kile chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona kinaweza kufunguliwa kwa mwendo wa pole matopeni. Kirudishwe kabla ya kuingia lami ya kuelekea Ahero au Busia, kwani gari refu lisilo nacho huyumba vibaya.

Kujua kama kazi imefaa ni rahisi. Kabla ya ukarabati, gurudumu moja la mbele lipandishwe polepole juu ya mbao zilizopangwa mahali tambarare, mtu akitazama la nyuma upande ule ule. Pindi tu linapoanza kuachana na ardhi, gari lisimamishwe, urefu wa mbao upimwe na uandikwe. Fundi akimaliza, kipimo kirudiwe mahali pale pale, kwa upepo ule ule wa matairi, kabla hajalipwa.