Bastola ya babu sandukuni: Baki na picha, chuma kabidhi polisi

Arobaini imekwisha. Ndugu wamekaa sebuleni, wajukuu wanacheza uani, na sanduku la bati la marehemu linafunguliwa kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Linatoka koti la zamani, zinafuata stakabadhi za kodi, hati ya shamba na picha za rangi nyeusi na nyeupe. Chini kabisa, ndani ya kitambaa chenye harufu ya mafuta, kuna bastola ndogo inayoenea kiganjani.

Mara nyingi kinachofuata ni rahisi kukisia. Mmoja ataishika na kuipangusa vumbi, mwingine atatoa simu apige picha ya kutuma kwenye kundi la ukoo. Kisha mtu atasema, "Hii ni ya zamani, haifanyi kazi." Maneno hayo ndiyo yenye hatari kuliko vyote vilivyomo sandukuni.

Tukio kama hili linaweza kuikuta familia yoyote, iwe Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa au Kondoa. Historia ya nyanda za kati ina mkono katika hilo.

Nchi iliyopitiwa na silaha

Karne ya 19, misafara ya biashara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, ikilipa hongo kwa watemi ili ipate maji na njia. Magobore yalikuwa sehemu ya biashara hiyo. Wajerumani wakaja na kujenga ngome Mpwapwa na Kilimatinde. Mwaka 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya upande wa Uingereza yaliingia Kondoa mwezi Aprili, na Julai 29 yakaichukua Dodoma.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, mradi wa karanga wa Waingereza ulileta Kongwa wageni wengi, baadhi yao wakiwa wametoka tu jeshini. Miaka ya 1960, Kongwa hiyohiyo ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika.

Silaha nyingi ziliondoka na wenyewe. Lakini kila penye msafara au kambi, kuna vitu vinavyobaki, vikabadilishana mikono, vikafichwa darini au sandukuni na kusahaulika.

Kwa nini zinavutia

Bastola ndogo za zamani zina wapenzi wake duniani. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaozikusanya na kuzipiga picha, hasa zile za kalibri ndogo, yaani zenye mtutu wa tundu jembamba. Mfano unaojulikana sana ni bastola ya mfukoni ya milimita 6.35 iliyobuniwa na Mmarekani John Browning na kutengenezwa na kiwanda cha FN, Ubelgiji, tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Urefu wake unazidi kidogo sentimita 11, karibu sawa na kiganja cha mtu mzima.

Mkusanyaji hutazama alama: jina la kiwanda, namba, na mihuri ya ukaguzi. Herufi ELG ndani ya umbo la yai, kwa mfano, ni muhuri wa mji wa Liège, Ubelgiji. Alama hizo humweleza chuma hicho kilitoka wapi kabla ya kuvuka bahari.

Lakini udogo huo umewadanganya wengi. Juni 28, 1914, mjini Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alimuua mrithi wa ufalme wa Austria pamoja na mkewe kwa bastola ya FN ya kalibri .380. Mauaji hayo yaliwasha vita iliyokuja kufika mpaka Kondoa na Dodoma. Wagogo walinyang'anywa ng'ombe na nafaka, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Ukame ulipoongezeka juu yake, ikaja njaa ya Mtunya iliyoua maelfu ya watu.

Bastola ile nayo ilipitia maisha ya sandukuni. Ilihifadhiwa na Anton Puntigam, padri Mjesuti aliyewapa wahanga wale sakramenti ya mwisho. Ikabaki mikononi mwa shirika lake kwa miongo mingi, hadi mwaka 2004 ilipopelekwa kwenye makumbusho ya historia ya kijeshi mjini Vienna. Leo ipo ndani ya kioo, na mgeni anaweza kuitazama bila mtoto yeyote kuifikia.

"Haifanyi kazi" huthibitishwa na nani?

Kutu ya nje haisemi lolote kuhusu kilichomo ndani. Risasi iliyokaa pakavu kwa miongo kadhaa bado inaweza kulipuka, na hali ya hewa ya Dodoma ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Kuna mitego miwili ambayo mtu asiye na mafunzo haioni. Wa kwanza ni wa bastola yenye magazini. Ukiitoa magazini, risasi moja inaweza kuwa imebaki ndani ya chemba, tayari kufyatuka. Wa pili ni wa rivolva za zamani. Katika nyingi kati yake, nyundo hulala juu ya fataki ya risasi, hivyo ikidondoka sakafuni inaweza kulipuka bila mtu kugusa kifyatulio.

Kalibri ndogo nayo haimaanishi jeraha dogo. Risasi nyembamba huacha tundu dogo kwenye ngozi, lakini ndani inaweza kukata mshipa mkubwa, kutoboa utumbo au kuingia kwenye ubongo. Kwa mwili wa mtoto, umbali kati ya ngozi na moyo ni mfupi zaidi.

Watoto na udadisi

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto aliyeonywa hatagusa. Mwaka 2001, madaktari wa watoto wa Atlanta, Marekani, walichapisha utafiti uliojaribu imani hiyo. Wavulana 64 wa umri wa miaka 8 hadi 12 waliachwa, wawili wawili au watatu watatu, katika chumba ambacho ndani ya droo zake kulikuwa na bastola mbili za maji na moja halisi isiyo na risasi. Bastola halisi ilikuwa ya kalibri .380, ileile ya Sarajevo.

Kati ya makundi 29, makundi 21 yaliiona. Katika makundi 16 iliguswa, na katika 10 kuna mtoto aliyevuta kifyatulio. Karibu nusu ya wavulana walioiona walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na uhakika. Na zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuvuta kifyatulio walikuwa wamewahi kufundishwa kuhusu hatari ya silaha.

Kwa watoto ambao kila Krismasi na Idi hununuliwa bastola za plastiki, mkanganyiko huo si vigumu kuuelewa. Nguvu pia si kikwazo. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 1995, ulionyesha kuwa mtoto mmoja kati ya wanne wa miaka 3 hadi 4, akitumia vidole viwili, anaweza kuvuta kifyatulio kinachohitaji nguvu ya takriban kilo 4.5.

Sumu yenye jina lilelile

Kiswahili huita vitu viwili kwa jina moja: risasi ya bunduki na madini ya risasi. Vichwa vya risasi nyingi za zamani vimetengenezwa kwa madini hayo, na vikichakaa hutoa unga mweupe. Unga huo ukiingia mdomoni kupitia vidole, mwili huufyonza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaodhurika zaidi. Aliyegusa risasi kuukuu anawe mikono kwa sabuni na maji kabla ya kula au kumbeba mtoto.

Ukiikuta, fanya hivi

Iache ilipo. Usiielekeze kwa mtu, usijaribu kuifungua wala kuipiga mafuta. Watoe watoto, funga chumba, kisha toa taarifa kituo cha polisi au piga 112. Mwenyekiti wa mtaa au mtendaji anaweza kukusaidia kufikisha taarifa. Usiibebe kwenye mkoba ukapanda nayo daladala au bodaboda. Acha askari waje kuichukua.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka silaha imilikiwe kwa leseni, na leseni ni ya mtu, si ya ukoo. Kwa hiyo bastola haigawanywi kwenye mirathi kama ng'ombe au baiskeli, hata kama marehemu aliimiliki kihalali.

Wanaoogopa kukamatwa wafuatilie matangazo ya msamaha. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa hiari. Mwaka 2022, Tanzania ilitoa miezi miwili, Septemba 1 hadi Oktoba 31, kwa wenye silaha kuzikabidhi bila kushtakiwa.

Ajali ikitokea, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia na mkimbize majeruhi hospitali. Kuhangaikia PF3 kusimcheleweshe anayevuja damu.

Kumbukumbu haipotei

Kinachowafanya wengi wasite si ukaidi. Ni hisia kwamba wakiitoa bastola, wanamtoa na babu. Hapo ndipo picha inaposaidia.

Askari akishaikagua na kuhakikisha haina risasi, muombeni ruhusa ya kuipiga picha. Mwanga wa asubuhi mlangoni unatosha. Jua la saa sita na mwanga wa simu huacha mng'ao unaoficha maandishi kwenye chuma. Ombeni ionekane pande zote mbili, na zile alama zisomeke. Picha hizo zihifadhiwe na familia. Zisirushwe mitandaoni, kwa sababu mhalifu akiona kwenu kuna silaha hatajua kwamba imeshaondoka.

Kisha mketisheni bibi, au mjomba mkubwa aliyebaki, mumrekodi kwa simu. Muulizeni babu aliipata wapi, kwa nani, mwaka gani, na kwa nini aliificha. Bastola haiwezi kujibu maswali hayo, na wanaoweza kuyajibu wanazidi kupungua kila msiba unapopita.