Maji Katika Mafuta ya Breki

Tuchukue mfano wa gari dogo lililosheheni mizigo, likiteremka Mlima Kitonga, mkoani Iringa. Dereva amekanyaga breki tangu kileleni. Ghafla kanyagio linalegea na kuzama hadi sakafuni, wala gari halipunguzi mwendo. Baadaye, gari likiisha kupoa, fundi anaikagua breki na kuiona nzima. Je, kumetokea nini?

Jibu limo katika kanuni ya mwanasayansi Mfaransa, Blaise Pascal (1623–1662): kanieneo inayotiwa katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Ndiyo maana nguvu ya mguu hufika kwenye magurudumu. Lakini kanuni hiyo hutufaa kwa sababu kiowevu hakishindiliki kwa urahisi, mvuke hushindilika.

Mafuta ya breki yatumikayo zaidi hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, ambazo hunyonya unyevu wa hewa polepole, hata kupitia mipira ya mabomba. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakiisha kunyonya maji yapatayo asilimia 3.7, kima hicho hushuka hadi nyuzi 140. Msuguano wa mteremko mrefu waweza kuzidisha joto hilo. Hapo mvuke hutokea, na mguu wa dereva hushindilia mvuke badala ya kusukuma pistoni. Gari likipoa, mvuke hurudi kuwa maji, na ushahidi hutoweka.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini yasitumiwe mafuta yasiyonyonya maji? Yapo, nayo ni ya silikoni. Lakini maji yakipenya humo hayachanganyiki nayo. Hutuama mahali pa chini, yakaleta kutu, na huchemka yakifikia takriban nyuzi 100.

Kinga basi ni kumwaga mafuta yote na kutia mapya kila muda aliouweka mtengenezaji wa gari, mara nyingi miaka 2. Kujazia mapya juu ya yaliyochakaa hakuondoi maji yaliyokwisha kuingia. Chupa iliyokaa wazi isitumiwe. Na mteremkoni, dereva atumie gia nzito ili injini isaidie kuzuia mwendo. Mafuta yanayoonekana safi machoni yaweza kuwa yamebeba maji ya kutosha kuleta msiba.