Wingi wa vifo si kipimo tosha cha ubora wa hospitali

MNAMO Machi 1986 serikali ya Marekani ilitangaza orodha ya hospitali ambazo viwango vya vifo vyake vilitofautiana mno na ilivyotarajiwa. Waliohesabiwa ni wagonjwa wa Medicare, mpango wa bima unaowahudumia hasa wazee. Hospitali iliyoshika mkia ilikuwa imepoteza asilimia 87.6 ya wagonjwa hao, ilhali hesabu za serikali zilitarajia asilimia 22.5 pekee.

Aliyeisoma orodha hiyo angedhani pale ni machinjioni. Kumbe ilikuwa hospisi, yaani makao ya kuwatunza watu ambao maradhi yao hayana tiba tena, ili wapunguziwe maumivu hadi siku yao ya mwisho.

Ingawa serikali ilikuwa imejaribu kuzingatia tofauti za wagonjwa, hesabu zake hazikujua ni nani hasa aliyelazwa pale na kwa nini. Idadi ya vifo, ikiachwa peke yake, hueleza zaidi hali ya watu walioingia mlangoni kuliko kazi iliyofanywa na madaktari.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hospitali mbili zimepokea wagonjwa 1,000 kila moja. Ya kwanza imepoteza 40, ya pili 100. Wengi wetu tungekimbilia ya kwanza.

Lakini chunguza waliolazwa. Ya kwanza ilikuwa na wagonjwa 900 wenye maradhi mepesi na 100 mahututi. Ya pili ilikuwa na 400 wa maradhi mepesi na mahututi 600. Ikiwa kote nchini hufa mgonjwa mmoja kati ya 100 wenye maradhi mepesi, na 20 kati ya 100 walio mahututi, basi hospitali ya kwanza ilitarajiwa kupoteza watu 29 na ya pili 124. Ile iliyosifiwa imepita matarajio kwa watu 11, na ile iliyolaumiwa imeokoa watu 24 ambao kwa kawaida wangekufa.

Hiyo ndiyo njia wanayotumia wataalamu: hulinganisha vifo vilivyotokea na vilivyotarajiwa kwa kuzingatia umri wa wagonjwa, uzito wa maradhi yao na magonjwa mengine waliyokuja nayo.

Tatizo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1863 Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, alichapisha jedwali lililoonyesha kuwa hospitali 24 za London zilikuwa na vifo vya asilimia 90.84. Madaktari walikuja juu, na walikuwa na haki: vifo vya mwaka mzima viligawanywa kwa idadi ya wagonjwa waliokuwa vitandani siku moja tu. Hata hivyo, katika kitabu hicho hicho mama huyo alilalamika kwamba baadhi ya hospitali ziliwaruhusu watoke wagonjwa waliokata tamaa ya kupona, wakaenda kufia kwingine baada ya siku moja au mbili, na lawama ikaiangukia hospitali iliyowapokea.

Mkenya yeyote aliyewahi kusindikiza jamaa yake katika ambulensi kutoka hospitali ya kaunti hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta, au ile ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, anaelewa jambo hilo. Mgonjwa akifariki usiku huo, kifo huandikwa katika sajili ya hospitali ya rufaa.

Je, hiki si kisingizio cha wazembe? Chaweza kuwa, lakini hesabu hizo hizo ndizo huwaumbua. Uchunguzi kuhusu upasuaji wa moyo wa watoto mjini Bristol, Uingereza, ambao ripoti yake ilitoka Julai 2001, uligundua kuwa kati ya 1991 na 1995 walikufa watoto wachanga 30 hadi 35 zaidi ya idadi iliyotarajiwa katika kituo cha kawaida. Ugumu wa maradhi yao haukutosha kueleza tofauti hiyo.

Jimbo la New York ndilo lililojifunza mengi zaidi. Mwaka 1989 lilianza kukusanya taarifa za kila mgonjwa aliyepasuliwa ili kuundiwa njia mpya ya damu pale mishipa ya moyo ilipoziba. Mnamo 1991 gazeti la Newsday lilishinda kesi mahakamani na kuchapisha takwimu za kila daktari. Sisi wa vyumba vya habari hatuna subira mbele ya orodha kama hiyo.

Kufikia 1992 vifo, baada ya kurekebishwa kwa uzito wa maradhi, vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 4.17 hadi 2.45. Lakini wagonjwa walioandikwa kuwa na ugonjwa sugu wa mapafu walipanda kutoka asilimia 6.9 mwaka 1989 hadi 17.4 mwaka 1991. Ni vigumu kuamini kuwa mapafu ya watu wa New York yaliharibika kwa kasi hiyo. Kalamu za waliojaza fomu ndizo zilizochangamka, kwa kuwa kila ugonjwa ulioongezwa ulipandisha idadi ya vifo vilivyotarajiwa.

Jimbo hilo hukagua fomu hizo kwa kuzilinganisha na faili za wagonjwa. Aidha, kuanzia 2006 liliwaondoa katika hesabu zinazotangazwa wagonjwa wanaofika moyo ukiwa umeshindwa kabisa kusukuma damu, kwa hofu kuwa madaktari wangekataa kuwagusa ili kulinda majina yao.