Tiba ya Kurekebisha Vinasaba na Haki ya Mchumba

 

Baada ya darsa ya Alasiri mzee mmoja alinisogelea na swali. Mtoto wa nduguye anaishi Bahrain, ameugua selimundu tangu utotoni, na sasa madaktari wanamwandaa kwa tiba mpya ya vinasaba. "Sheikh," akaniuliza, "akishapona tukamposea binti wa watu, tuna haja gani ya kuyafukua ya zamani?" Nilimwomba anipe wiki moja. Haya ndiyo niliyomjibu, nikayapanua kidogo kwa faida ya wasomaji.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe, kwani kuhukumu jambo usilolijua sura yake ni kubahatisha. Kila mwanadamu hurithi nakala mbili za jeni inayotengeneza himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba hewa katika damu: moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja yenye kasoro ya selimundu ni mbebaji, na aghalabu haumwi. Mwenye mbili ndiye mgonjwa. Seli zake nyekundu hupinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, na humletea maumivu makali, upungufu wa damu, na pengine kiharusi.

Tiba aliyoisema mzee yule huitwa Casgevy. Iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023, kisha Bahrain na Marekani Desemba ya mwaka huo huo, na Saudi Arabia Januari 2024, kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea. Madaktari hukusanya seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe na kuzipeleka maabara. Huko hutumia chombo kiitwacho Krispa, ambacho ni mfano wa mkasi, kukata mahali maalumu katika jeni ya BCL11A. Jeni hiyo ndiyo inayozima, baada ya mtoto kuzaliwa, himoglobini aliyokuwa akiitumia tumboni mwa mama yake. Ikidhoofishwa, himoglobini ile ya kitoto hurudi kutengenezwa kwa wingi, nayo huzuia seli kupinda. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya busulfani inayoua uboho wa zamani. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilieleza kuwa kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walipitisha angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kubwa la maumivu. Mwenye kuwajua wagonjwa hawa na vilio vyao vya usiku atajua thamani ya jambo hilo. Gharama yake, hata hivyo, ilitangazwa Marekani kuwa dola milioni 2.2, na wagonjwa wetu wengi huku pwani hata vidonge vya haidroksiyurea huvipata kwa taabu.

Je, huku si kubadili maumbile ya Allah, jambo ambalo Suratun-Nisaa, aya ya 119, inalihesabu katika vitimbi vya Iblisi? Sioni kuwa ni hivyo, na wala sitarefusha hapa. Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua vitani siku ya Kulab, akaweka pua ya fedha ikamnukia, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kuondoa maradhi na kuchezea umbo ni vitu viwili. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 15 kilichofanyika Makka mwaka 1419 Hijria (1998), liliruhusu kutumia uhandisi wa jeni kwa kuzuia maradhi, kuyatibu au kupunguza madhara yake, kwa sharti kwamba usilete madhara makubwa zaidi. Kubadili viinitete, kama alivyofanya mtaalamu mmoja wa China mwaka 2018 na akafungwa kwa ajili yake, ni mlango mwingine.

Turudi kwa posa, maana humo ndimo mna uzito. Seli zilizorekebishwa ni za damu tu. Mbegu za uzazi hazikuguswa. Tena hata katika damu, jeni ya selimundu yenyewe imebaki pale pale. Kilichofanyika ni kuifunika kwa himoglobini nyingine. Basi kijana huyu, akiwa mzima wa kukimbia na kubeba mizigo, bado atampa kila mtoto wake nakala moja yenye kasoro, bila shaka yoyote. Akioa mwanamke asiye mbebaji, watoto wote watakuwa wabebaji. Akioa mbebaji, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu kuzaa mgonjwa. Na sisi tunaopenda kuoza watoto wa ami na wa khali, tujue kuwa kinachotembea katika ukoo mmoja hukutana upesi.

Madhehebu yetu ya Kishafii yameorodhesha aibu zinazompa mwanandoa hiari ya kuvunja ndoa, miongoni mwake wazimu, ukoma na mbalanga. Selimundu haimo. Lakini tazama Imamu Shafii (r.a.) alivyotoa sababu katika Al-Umm. Anasema kwa maana kwamba ukoma na mbalanga humfikia mwenzi, na mtoto ni nadra kusalimika, na akisalimika yeye basi humfikia mjukuu. Nilipousoma tena mlango huo wiki ile nilisimama hapo kwa muda. Wataalamu wa leo hawaoni kuwa ukoma hurithiwa, lakini illa aliyoitaja Imamu, yaani dhara inayomruka mtoto ikamkuta mjukuu, ndiyo hasa hali ya mbebaji wa selimundu. Ibn al-Qayyim naye, katika Zadul-Maad, hakuzifunga aibu kwa idadi. Kila kinachoondoa makusudio ya ndoa kwake kina hukumu hiyo.

Khatib Sharbini katika Mughnil-Muhtaj amenukuu kutoka kwa Barizi kwamba mtu akiulizwa kuhusu nafsi yake katika posa, lenye kuthibitisha hiari ni wajibu kulitaja, na lenye kupunguza hamu tu ni sunna. Kama kadhi atampa mke hiari kwa selimundu iliyotibiwa, hilo nawaachia makadhi. Ama kutaja, mimi naona ni wajibu. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, juu kavu, ndani mna unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mvua haikuwa kosa lake. Kosa lilikuwa ni kuificha chini. Kijana aliyetibiwa hana kosa la kuzaliwa na maradhi, lakini ukimya wake utamfanya binti asiende kupima, na kipimo hicho ndicho kinachotofautisha watoto wabebaji na watoto wagonjwa. Kwao wenyewe Bahrain na Saudi Arabia kupima kabla ya ndoa ni sharti tangu 2004. Kwetu huku hakuna atakayemuuliza asiposema mwenyewe.

Kuna la pili la kusemwa, nalo mzee hakulijua. Busulfani huweza kuharibu uzazi. Ikiwa madaktari wamemwonya kijana kwa hilo, nalo ni haki ya mchumba kulijua, kwani watoto ni katika makusudio makubwa ya nikaha.

Mzee akauliza kama inatosha kumnong'oneza walii. Nikamwambia haitoshi, kwani tumbo ni la binti na haki ni yake. Aambiwe yeye na walii wake, kabla mahari hayajapelekwa, wala majirani hawana haja ya kusikia. Wallahu aalam.