Mwanafunzi wa famasia aende kliniki ya presha

Mwaka 2007 na 2008, watafiti waliozunguka Nakuru wakipima macho ya watu wa miaka 50 na zaidi waliwapima presha pia. Takriban nusu yao walikuwa na presha ya juu. Maradhi haya hayaumi. Mtu hulima viazi vyake Molo au hufunga maua Naivasha bila kuhisi lolote, hadi siku anapoangushwa na kiharusi.

Kwa hivyo mafunzo ya nyanjani ya famasia yasiishie katika wadi za hospitali kuu. Aliyelazwa wadini ameshaumia. Mwanafunzi apelekwe pia kituo cha afya, Njoro au Subukia, siku ya kliniki ya presha, pale tabibu anapokabiliwa na foleni ndefu na dakika chache.

Kwanza apime sawasawa: mgonjwa atulie dakika 5, aegemee kiti, mkono uwe mezani usawa wa moyo, na wote wawili wanyamaze. Kisha amwombe, kwa heshima, “Mama, hebu nionyeshe dawa zote unazotumia, hata za dukani.” Mfukoni hutoka amlodipini, dawa ya presha, na pamoja nayo diklofenaki ya mgongo, ambayo huweza kupandisha presha. Amlodipini yenyewe huweza kuvimbisha miguu, na enalaprili, dawa nyingine ya presha, kuleta kikohozi kikavu. Asiyeelezwa hayo huacha dawa kimyakimya. Akirudi presha ikiwa ingali juu, huenda akaongezewa dozi ya dawa asiyoimeza. Mwanafunzi hana ruhusa ya kubadilisha matibabu, ila aliyoyagundua humfikia tabibu mgonjwa akiwa bado yupo.

Eldoret wametutangulia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanafunzi wa famasia wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, huja kujifunza katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na wafamasia huko huendesha kliniki ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Hilo ni la hospitali kubwa, lakini linathibitisha kwamba mfamasia anaweza kumfuatilia mgonjwa mwezi baada ya mwezi.

Kikwazo chetu ni kukosa msimamizi, maana vituo vingi vidogo havina mfamasia. Wagonjwa hawakosekani: wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa vipima presha mwaka 2023, na wale wanaowakuta na presha huwaelekeza vituoni. Kwa hivyo kaunti na vyuo wakubaliane mfamasia mmoja azungukie vituo vichache, kila kimoja siku yake ya kliniki, akiwa na wanafunzi wake.