Kompyuta ndogo ya bei nafuu: Itazame ndani kabla ya kulipa

Mzazi wa Timbwani ambaye mwanawe amepata nafasi chuoni ana jambo la kumkosesha usingizi hata baada ya karo kulipwa: kompyuta. Ukivuka feri kwenda mjini utaziona madukani, ndogo, nyepesi, na bei yake inavutia. Je, mpenzi msomaji, ununue?

Kompyuta za aina hii si ngeni. Mnamo 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC, yenye kioo cha inchi 7 na uzito usiofika kilo moja. Watu waliziita netibuku. Ziliadimika baada ya miaka michache, lakini ndugu zake wa inchi 11 wangali wanauzwa, wapya na wa mitumba.

Uzuri wake si wa kusingiziwa. Mwanafunzi ataitia mkobani na kuvuka feri bila kuumwa na bega. Nyingi hazina feni, basi hazivuti vumbi ndani. Hula umeme kidogo, na stima zikipotea huendelea kwa saa kadhaa, mradi betri ni nzima. Kwa kuandika insha, kusoma na kuomba mkopo wa HELB, yatosha kabisa.

Taabu iko ndani. Mara nyingi hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuiongeza baadaye. Nyingine zina GB 32 tu. Windows 10 humeza sehemu kubwa ya hizo, na kila masasisho yakija unaambiwa nafasi haitoshi. Windows 11 nayo hudai angalau GB 64 na kumbukumbu ya GB 4, ilhali Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Si ajabu muuzaji ana haraka ya kuziondoa!

Basi usitoe pesa kabla ya kuiwasha. Akuonyeshe hifadhi na kumbukumbu kwenye kioo, si kwenye kibandiko. Chomoa chaja, uiache nusu saa. Betri iliyochoka itajisema yenyewe. Bonyeza kila herufi.

Ikiwa ni ya GB 32 na bei imekunasa, uliza kuhusu Linux, mfumo wa bure ambao Eee PC za kwanza zilikuja nao, ila mwanao athibitishe kwanza programu zinazotakiwa chuoni. Na kama anaenda kusomea uchoraji wa majengo au uhariri wa video, usiichukue hata ukipunguziwa nusu bei.